Ubao wa Kufungia Injini

Mume wangu Luhende alikuwa mtu mwema, lakini kwenye kuchagua vitu alikuwa na macho ya mtoto: kinachong'aa ndicho kizuri. Ndivyo alivyotuchagulia boti.

Tulitafuta boti ndogo ya tanga, yenye kibanda cha kulala watu wawili, tukauze mitumba visiwani bila kulipia nyumba ya wageni. Injini hatukuwa na uwezo nayo, na mimi nisingeitaka hata ya bure. Ziwani kwetu watu wanauawa kwa ajili ya injini. Tanga haliibwi.

Pale Kigongo, mzee Machibya alikuwa na boti mbili za kuuza. Ya kwanza nzito, rangi imebabuka, lakini nilifunua mbao za chini nikakuta pakavu, haivuji. Ya pili ya buluu, nyepesi, na nyuma ilikuwa na ubao mnene wa kufungia injini, wenye madoa ya mafuta. Luhende akaupapasa kama mgongo wa ndama.

"Mama Masalu, hii hapa. Mwakani tunafunga injini."

"Basi kata huo ubao kwanza. Jambazi akiuona atajua injini ipo."

"Nikiukata, mwakani nitafungia wapi?"

"Kwenye kichwa chako, maana hakina kazi nyingine!"

Mzee Machibya akacheka mpaka akakohoa. Mwanaume akichekwa na mzee mbele ya mkewe hasikii tena. Luhende akalipia ile ya buluu palepale, ubao ukabaki.

Mwezi haukuisha. Tukiwa njiani kurudi, upepo ulikatika mchana kweupe karibu na kisiwa kisicho na watu. Boti ya injini ikatujia, wanaume watatu ndani, wawili na mapanga. Mmoja alirukia kwetu akanikamata shingo.

"Injini iko wapi?"

"Hatuna, kaka," Luhende akasema. "Hii ni ya tanga."

Wa pili akaangalia ule ubao na madoa yake. Akampiga Luhende mdomoni kwa ubapa wa panga, meno yakaruka.

"Mmeizamisha!"

Huku kwetu wavuvi wakiona boti wasiyoiamini, hufunga injini kamba wakaitosa, kesho wakairudia. Majambazi wanaijua hila hiyo. Wakamsukuma Luhende majini.

"Ilete!"

Akazama, akaibuka mikono mitupu. Wakampiga kichwani kwa kasia letu wenyewe. Akazama tena. Nilimng'ata aliyenishika mpaka nikaonja damu yake, akanipiga teke la tumbo nikaangukia marobota.

"Hakuna kitu huko chini!" nikapiga kelele. "Mnamuua bure!"

"Wote huwa mnasema hivyo, mama."

Luhende akaibuka, uso wote damu, akashika ukingo wa boti. Wakamkata vidole. Sitaki kusema alivyolia.

"Ulisema kweli, Mama Masalu," akaniambia. Kisha akazama mwenyewe, bila kusukumwa.

Maji yakatulia. Wao walisubiri injini, mimi nikasubiri mume. Walipochoka wakabeba marobota yetu wakaondoka.

Jioni wavuvi walinikuta, wakanivuta na boti hadi ufukweni. Luhende aliopolewa kesho yake, tukamzika kwao Misungwi. Nililia mpaka sauti ikaisha, halafu nikabaki na hasira, na hasira haikuisha.

Msiba ulipopoa nikatangaza kuuza boti. Kutoka Igoma akaja kijana mmoja, Bashiru, na mkewe Fadhila. Nao walitaka boti yao ya kwanza, ya bei wanayoiweza. Bashiru aliizunguka pale mchangani, hakufunua ubao hata mmoja wa chini. Akaenda nyuma moja kwa moja.

"Fadhila, ona. Mwakani hapa tunafunga injini."

Nilichukua shoka kwenye kuni za jirani. Bashiru alidhani namjia yeye, akaruka nyuma. Nilikata ule ubao kama mtu anayekata nyoka, vipande vikaniruka usoni, mkono ukachubuka, sikuacha mpaka ukaanguka.

"Mama, umeharibu boti!"

"Sasa ni ya tanga," nikasema. "Ukiitaka, chukua. Usipoitaka, ondoka."

Bashiru akanitukana. Fadhila alipiga magoti, akaanza kufunua mbao za chini.