Dada Aliyekuwa Busisi

Mtu yule alipoingia dukani, Champaben alikuwa akipanga droo ya vifungo ambayo alikuwa ameipanga jana yake. Mafundi cherehani waliokuwa wateja wa marehemu mumewe walikuwa wamezeeka au wamehama, na vijana wao walinunua kwingine. Lakini kila asubuhi aliteremka ngazi, akafungua, akaketi nyuma ya kaunta. Asingefungua, angebaki ghorofani akisikiliza friji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Unatafuta zipu?"

"Hapana, mama. Mimi naitwa Okal, natoka ng'ambo, Busisi. Ni fundi wa injini za mitumbwi." Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, kofia kaishika mkononi. "Natafuta watoto wa marehemu Champa. Niliambiwa duka lao liko mtaa huu wa Rufiji."

Champaben aliweka chini kifungo alichokuwa amekishika.

"Marehemu nani?"

"Champa. Binti wa mzee aliyekuwa akiuza nyuzi za nyavu hapa zamani."

"Champa ni mimi," alisema.

Okal alimtazama usoni. Kisha akatafuta pa kukaa, na kwa kuwa hapakuwa na kiti upande wa wateja, akajiegemeza kwenye rafu, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Mama yangu alikuombea miaka yote hii," alisema kutoka nyuma ya kofia. "Alikuwekea misa kanisani. Ya marehemu."

"Mama yako ni nani?"

"Hansa. Tumemzika Jumamosi iliyopita."

Champaben alimwambia atoke. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba dada yake Hansa alikufa India, kwa homa ya matumbo, alikopelekwa kuolewa, wakati yeye Champa bado anavaa sare za shule. Alikumbuka baba yake akirudi nyumbani amenyolewa kichwa. Alikumbuka mama yake akivunja bangili za Hansa kwa jiwe la kusagia viungo, na kufiwa kule kulivyokuwa kwa ajabu, maana hakuna mtu aliyeruhusiwa kulia kwa sauti. "Kwa hiyo, baba, umepotea duka," alimwambia. "Nenda salama."

Okal hakubishana. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Alikuwa anakuita Chakli. Alisema ni ndege mdogo wa huko kwenu, anayeruka hata pasipo na sababu."

Jina hilo Champaben hakuwa amelisikia kwa mtu yeyote tangu Hansa alipoondoka. Jayanti, mumewe, hakulijua. Wanawe hawakulijua. Akamwambia Okal arudi ndani, akamsogezea kiti chake mwenyewe, naye akabaki amesimama.

Hadithi yenyewe haikuwa ndefu. Baba yake Okal, Odongo, alikuwa kijana Mjaluo kutoka Mara, aliyeshuka na ziwa akivua. Alikuwa akija Mwanza kununua nyuzi za nyavu, na Hansa ndiye aliyekuwa akimpimia. Alianza kuja hata wakati nyavu zake ni nzima. Siku waliyotaka kumpeleka India, Hansa alikuwa ameshavuka na mtumbwi, amekaa katikati ya mafungu ya dagaa. Hakurudi. Wazazi wakaona ni afadhali afe kuliko aolewe kule, wakamfisha kwa mdomo.

"Busisi?" Champaben aliuliza. "Busisi hii? Alikuwa Busisi miaka yote?"

"Nyumba yetu, ukisimama uani unaona taa za Kigongo upande wa pili."

"Na hakuja hata siku moja?"

Okal aligeuza kofia mkononi.

"Alikuja, mama. Babu alipofariki. Alifika mpaka hapa mlangoni. Wewe ulikuwa juu na mtoto mchanga. Akamkuta mzee Jayanti."

Okal akaendelea kusimulia.

Jayanti alikuwa amemsihi Hansa aondoke. Mama yao alikuwa bado hai, juu ghorofani, na alikuwa ameapa kwamba siku Hansa akikanyaga ngazi ile, yeye atajirusha dirishani. Subiri, Jayanti alimwambia. Mama akiondoka duniani, nitamwambia Champa mwenyewe. Hansa akasubiri. Lakini bibi kizee yule aliishi sana, na alipokufa hatimaye, Jayanti alikuwa ameficha kwa miaka mingi mno. Angeanzia wapi?

"Kwa hiyo akawa anakuja yeye," Okal alisema. "Kila mwaka, baada ya Divali yenu. Mimi nilikuwa nampokea kwenye pantoni nikiwa kijana. Anakuja na boksi la vitamutamu, ladu na barfi. Anakaa na mama, wanaongea lugha yenu, anakunywa chai, anarudi."

Champaben aliliona boksi lile kana kwamba liko mbele yake. Kila Divali Jayanti alimwambia, jaza moja la wateja wa Geita. Naye alijaza, akalipanga vizuri, akalifunga kwa uzi. Wakati mwingine alinung'unika kwamba hao wateja wa Geita hawatumi hata salamu.

"Alikuwa anakula ladu zangu?"

"Alikuwa hagawi, mama. Sisi watoto tulipata moja moja. Alisema mkono wako ni wa bibi, unazidisha kungumanga."

Champaben akaketi juu ya katoni la nyuzi.

Mwaka ule wa barakoa, Jayanti alipelekwa hospitali Jumanne, na kabla ya Ijumaa walimpigia Champaben simu kumweleza aje na watu wachache tu kwa mazishi. Hakumwona tena uso wake. Divali ilipofika, hakupika kitu. Ng'ambo ya pili Hansa akangoja boksi, halikuja, na la mwaka uliofuata halikuja.

"Sisi tulimwambia labda ni mzee aliyefariki," Okal alisema. "Akakataa. Alisema, Jayanti aliniahidi hatakufa kabla ya kumwambia Champa. Kama angekufa Jayanti, Champa angekuwa ameshakuja. Hakuja, basi aliyekufa ni Champa. Akavaa nyeupe, kama wafiwa wa kwenu. Akatukataza kuja kuulizia. Alisema tusiwasumbue watu ambao hawakututaka."

Nje mtu alikuwa akipiga honi, na muuza maji akijibu kwa matusi. Champaben alitazama mikono yake. Miaka yote hiyo baada ya kifo cha Jayanti alikuwa hapo, nyuma ya kaunta, akipanga vifungo.

"Nimekuja kuwapa taarifa tu," Okal alisema taratibu. "Si vizuri mtu azikwe na wa kwao wasijue."

Jioni ile mwanawe Nilesh alipiga simu kutoka Uingereza, kama kawaida yake ya mwisho wa wiki. Champaben alimsimulia. Nilesh akauliza kama mtu huyo alionyesha kitambulisho.

"Mama, kuwa mwangalifu. Watu wakijua uko peke yako kwenye jengo kama lile, hutunga hadithi."

"Amenitajia jina langu la utotoni."

"Majina yanaulizwa, mama."

Alipokata simu, Champaben alitoka sebuleni akaenda kwenye mlango wa ngazi, pale zilipokuwa kandambili za Jayanti. Alikuwa hajaziondoa tangu afe. Kila Jumamosi alizipangusa vumbi. Alichukua moja akaitupa kwa nguvu chini ya ngazi. Ikagonga ukuta. Akatupa ya pili. Alitaka kugombana, lakini wa kugombana naye hakuwepo: baba hayupo, mama hayupo, Jayanti hayupo, na Hansa mwenyewe ndiyo kwanza amezikwa. Wote walijua, na wote wameondoka, wamemwachia yeye peke yake kitu kizito namna ile, ashike pembe zote nne.

Baadaye aliteremka, akishikilia ukuta, akaziokota.

Ilimchukua siku kadhaa kumpigia Okal. Okal alikuja kumchukua na gari la kuazima, akamfungulia mlango wa mbele, akamfunga mkanda. Walipita Mkolani wakashika barabara ya Usagara. Champaben alitazama barabara. Maisha yake yote alikuwa amekaa Mwanza, na upande ule hakuwahi kwenda. Alisafiri Dar, Nairobi, mara moja Leicester kumwona mjukuu, lakini Busisi angekwenda kufanya nini?

Walipanda daraja jipya lililochukua nafasi ya pantoni. Maji yalikuwa chini, ya kijivu, na mitumbwi midogo imetapakaa. Alianza kumwuliza Okal kama Hansa alikuwa anaogopa kwenye pantoni, na kabla swali halijaisha gari lilikuwa linashuka.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, mama mdogo. Tuko Busisi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Champaben aligeuza uso dirishani.

Kaburi lilikuwa uani, kando ya kaburi la Odongo lililojengewa saruji zamani. La Hansa lilikuwa udongo mtupu bado, na msalaba wa mbao umeandikwa Suzana Hansa. Hilo la Suzana walimpa kanisani. Champaben alisimama pale na viatu mkononi. Kwao wafu huchomwa, majivu yakatiwa majini. Alikuwa amejiandaa kuudhika kwa jambo hilo, na akaona haudhiki. Udongo ulikuwa mwekundu, umepigwapigwa vizuri na koleo. Kuku mmoja alipita juu yake, na Okal akamfukuza kwa aibu.

"Mwache," Champaben alisema.

Mke wa Okal, Amondi, alimtandikia mkeka barazani na kumletea chai. Alikuwa mwanamke mpana, mpole, macho yamevimba kwa kulia. Majirani walikuja mmoja mmoja. Kila aliyeambiwa huyu ni mdogo wake marehemu, aliinama akamshika mikono miwili: pole mama, pole kwa kufiwa, dada hana badala. Champaben aliitikia asante, asante. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole ya Hansa. Alipokuwa mdogo walimwambia tu anyamaze.

Majirani walipoondoka, Amondi alisogea karibu.

"Mama mdogo, kuna jambo limetukaba. Mama alikuwa anaongea lugha yenu peke yake, toka zamani. Akichambua dagaa, akilisha kuku, anaongea tu. Sisi hakutufundisha. Alisema tungeongea na nani? Sasa zile siku za mwisho Kiswahili kilimtoka, na Kijaluo kikamtoka, ikabaki hiyo tu. Akawa anarudia maneno yale yale, mchana kutwa, ananishika hivi mkono, kama ananiomba kitu. Na mimi sijui ananiomba nini. Nampa maji, hataki. Namgeuza, hataki. Mpaka anakata roho sijui alitaka nini."

"Maneno gani?"

Amondi alimtazama mumewe. Okal aliinamisha kichwa. Amondi akayatamka polepole, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba chungu cha maji:

"Mare ghare javu che."

Lafudhi yake ilikuwa ya kuvunjika, lakini maneno yalikuwa kamili. Champaben alikuwa na muda mrefu hajasikia mtu akiitamka lugha hiyo mbele yake, nje ya simu. Maana yake: nataka kwenda nyumbani.

Okal alikuwa anamtazama sasa. Nyuma yake ilikuwa nyumba ambayo Hansa aliingia akiwa msichana, dirisha alilolipaka bluu kwa mkono wake, watoto aliowazaa humo, mume aliyemzika uani. Amondi alimwogesha na kumgeuza na kumlisha kwa kijiko. Champaben aliwaza ngazi za Mtaa wa Rufiji, na mama yao juu, na dirisha alilotishia kujirusha.

"Alisema nini?" Okal aliuliza.

Champaben aliweka kikombe chini.

"Alisema: niko nyumbani kwangu," alijibu. "Mare ghare, ndiyo nyumbani kwangu. Alikuwa anawashukuru, wanangu."

Amondi alijifunika uso kwa kanga. Okal, ambaye tangu siku ile dukani hakuwa amelia, alitoka akaenda nyuma ya nyumba, na huko walimsikia. Amondi alikuwa akisema asante mama mdogo, asante, Mungu akubariki, nilidhani nilimkosea. Champaben alimpapasa mgongo na kutazama ziwa. Alimwona Jayanti akiwa amekaa barazani pale, ana kikombe cha chai, boksi la ladu pembeni, akijiambia kwamba mwakani atasema.

Kabla ya kuondoka aliomba aachwe kaburini kidogo. Aliongea na dada yake kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, mambo mengi bila mpangilio: kwamba duka haliuzi, kwamba Nilesh amenenepa, kwamba kungumanga ni ya mama kweli, yeye hakujua kupima vinginevyo. Mwishoni akamwambia kwamba amesikia alichoomba. Alikaa kidogo tena, ingawa hakuwa na la kuongeza, kisha akavaa viatu.

Alifika mjini giza linaingia. Okal alitaka kumsindikiza juu, akakataa. Akamwambia awahi, Amondi yuko peke yake. Alipanda ngazi taratibu. Alikuwa hajawasha hata taa simu ilipolia.

"Ulikwenda?" Nilesh aliuliza. "Haya, walitaka nini?"

"Walitaka niwafasirie maneno."

"Maneno gani?"

Champaben alitafuta swichi ukutani kwa kupapasa.

"Ya kawaida tu," alisema. "Umekula?"