Damu Nyeupe ya Dokta Deusdedit

Ile chupa nzito yenye wanga, ya kutundikiwa waliopungukiwa damu, Dokta Deusdedit hakutaka kuiita dripu. Hilo jina la watu wa kawaida. Yeye, mwenye zahanati ya machimboni nje ya Kahama, aliibatiza "damu nyeupe", na wachimbaji, masikini, wakamwamini.

Adhuhuri hiyo nesi Euphrasia alirudi kutoka kuchanja watoto, akamkuta Jilala kitandani, jiwe la duarani, kule shimoni wanakochimba, limempasua paja, na chupa ya nne inaning'inia juu yake. Bandeji ilikuwa imelowa chapachapa. Akaibadilisha, mpya nayo ikalowa. Damu ilichuruzika tu, nyepesi, haina hata dalili ya kuganda.

"Ndugu zake wako wapi?"

"Wameshuka duarani," alijibu Justa, mke wa Jilala. "Walikuja sita kutoa damu. Dokta akasema wasihangaike, ameshawekewa damu nyeupe."

Sita! Watu sita wenye damu zao, wamerudishwa kwa jina la kubuni. Euphrasia akaifunga dripu, akalikandamiza paja kwa viganja viwili.

"Sista, presha itashuka!" Deusdedit alifoka akiingia.

"Presha ungeinyanyua kwa chupa moja. Nne zinazuia chembe sahani kushikana, damu haigandi. Nilikwambia, ukasema nimesoma kupita kiasi. Haya, umemjaza uji mtu anayevuja. Hongera, Dokta."

"Mayu wane, mama yangu!" Justa alilia. "Kwa hiyo damu hajawekewa?"

"Hata tone, Mama."

Justa akapiga simu kwa shemeji zake, mmoja baada ya mwingine. Wapi! Chini ya duara mtandao haufiki.

"Washa gari, twende hospitali," Euphrasia alimwambia Deusdedit. "Na wewe grupu gani?"

"O," akaropoka, halafu akajuta waziwazi.

Hospitali walikuwa na mfuko mmoja tu wa O. Wakamtundikia Jilala, wakataka wa pili haraka. Deusdedit akalazwa, mkono umenyooshwa, jasho linamtoka.

"Itauma?" aliuliza.

"Kidogo," alisema Euphrasia. "Siyo kama jiwe."

Sindano ilipoingia, akafumba macho. Justa hakufumba. Alisimama pale pale akiutazama mrija mpaka ulipojaa.

"Nyekundu," alisema. "Kumbe ulikuwa nayo."