Mtoto Aliyeitwa Zelma

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga alfajiri, bado giza, na Zelma Hutto akakaa kitini kukisikiliza. King'ora cha kiwanda cha pamba kilikuwa kimenyamaza miaka mingi, lakini mwili wake haukupata habari. Saa ile ile ulimwamsha. Siku nyingi hakusikia sauti nyingine nyumbani mpaka jua kuzama. Leo alitoa vikombe viwili.

Mgeni, Doreen, mwalimu mstaafu, alikuwa amepiga simu. Alikuwa akiwatafuta watoto waliopigwa picha viwandani zamani, ajue waliishia wapi.

Alifika saa nne, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Pita nao tu, mwanangu," Zelma alisema. "Sakafu imechoka kukanyagwa na mimi peke yangu."

Doreen akacheka, akala vipande viwili vya mkate wa mahindi bila kubembelezwa, na Zelma akampenda papo hapo. Kisha mgeni akatoa picha.

Msichana mdogo, aproni ndefu, miguu mitupu, amesimama kando ya mashine ya kusokota nyuzi. Nyuma ya picha yalikuwapo maneno ya mpiga picha: Zelma Hutto, asema ana miaka kumi na miwili.

"Miezi saba nimekutafuta, Bibi Hutto," Doreen alisema, machozi yakimlenga. "Wenzako wote nimewakuta makaburini. Wewe ndiye wa kwanza niliyemkuta hai."

Zelma aliisogeza picha karibu na macho. Aproni ile ilikuwa yake kweli, lakini ilimfika yule mtoto visiginoni. Nywele za kwenye paji zilikatwa upande. Mkasi aliushika Zelma mwenyewe, na wakagombana jioni nzima. Miaka sitini na sita hakuwa na picha ya uso huu, na siku hizi ulikuwa umeanza kumtoroka.

Angeweza kuitikia tu. Akikana, mgeni angefunga mkoba akamtafute mwingine.

"Si mimi," akasema. "Ni mdogo wangu, Ovaline. Alikuwa na miaka tisa."

"Lakini jina..."

"Nililala na surua. Siku zile ukiugua, kwenu wampeleke mtoto mwingine, la sivyo mashine zako anapewa mtu, na nyumba ya kiwanda mnahama. Mama akamwambia, ukiulizwa, wewe ni Zelma, miaka kumi na miwili. Alikuwa mwongo hodari, huyo! Akirudi jioni, pamba imejaa kichwani, ananiambia, 'Zelma, leo umefanya kazi sana. Pumzika.'"

Alicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Kifua kilimchukua kabla miti haijachanua. Mimi nikarudi kwenye mashine zangu."

Doreen hakufunga mkoba. Alichukua kalamu ya risasi, akaigeuza picha na kuandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni: Ovaline Hutto, miaka tisa. Akaiegemeza kwenye bakuli la sukari, uso ukimwelekea Zelma.

"Hii ni yako, Bibi. Ninayo nyingine."

Akaomba kikombe cha pili, na Zelma alijua hakuwa na kiu.

Walipoagana mlangoni, Zelma aliushika mkono wake kwa muda.

"Sijakwambia bado alivyokuwa akiimba," alisema. "Njoo tena, mwanangu. Njoo hata na udongo wako."