Kidumu cha Mawese Kwenye Injini

Didas, mdogo wa marehemu mume wangu, alianza kulitaka gari kabla hatujaanua matanga. Ni pikapu kuukuu, limebeba maharage kutoka Kasanda hadi Kasulu tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, lakini ndilo linalotulisha. Mzee Pasikali, baba yao mkubwa, alitusikiliza wote wawili, akaamua: kila mmoja alishike wiki moja. Atakayeliharibu, litabaki kwa mwenzake.

Wiki yangu ilipita salama, maana mume wangu Nkunzimana alinifundisha ugonjwa wa gari hilo. Ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo injini inahema sana, na moshi wenye mafuta unatoka kwenye bomba lake la kupumulia. Zamani bomba hilo liliurudisha uchafu wote ndani kuungua, gari likawa linafuka moshi wa buluu kama tanuri la matofali. Nkunzimana akalielekeza kwenye kidumu cha mawese alichokijaza stilwaya za kusugulia sufuria, akatoboa tundu juu ili hewa itoke na mafuta yabaki. Kidumu kilining'inia karibu na bampa, na kila Jumamosi nilikimwaga. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo ya kumhudumia mume wangu.

Jumatatu Didas alikuja sokoni kuchukua gari. Akainama, akakitazama kidumu.

"Shemeji, umelifunga gari mfuko wa mkojo?"

Watu wakacheka. Nilitamani kumzaba kofi.

"Kakako ndiye aliyekifunga."

"Kaka alijua maharage, hakujua magari. Mimi siendeshi mgonjwa."

Akakata mpira uliokiunganisha kidumu na bomba, akakitupa miguuni pangu. Mafuta machafu yakanirukia kwenye kitenge. Bomba likabaki linafuka mbele za watu, na hilo likamtia aibu. Akaokota gunzi la mahindi, akalishindilia kwenye bomba kama tunavyoziba madumu yetu huku kwetu.

Nilijua kitakachotokea. Nkunzimana alishaniambia kwamba injini ikizibwa pumzi itatafuta pengine pa kutokea, na itazisukuma nje sili zinazozuia mafuta yasivuje. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: shemeji, toa hilo gunzi. Nikayameza. Nilimchukia yule mtu kuliko nilivyolipenda lile gari, na asubuhi ile chuki ilikuwa tamu.

"Safari njema, shemeji," nikasema.

Akaondoka kwenda Kibondo na magunia kumi na mawili, Mzee Pasikali kaketi kando yake kama shahidi. Saa saba mchana mzee akanipigia simu: gari limezimika mlimani. Nikampakia fundi Evaristi kwenye bodaboda, tukaenda.

Mstari mweusi wa mafuta ulituongoza mpaka pale. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta, ilikuwa imeruka, sili ya nyuma imetoka, na Didas alikuwa ameendelea kukanyaga huku taa nyekundu ikimwakia usoni. Evaristi alijaribu kuizungusha injini kwa spana, ikagoma. Akachomoa gunzi, akaligeuzageuza mkononi.

"Imekaza," akasema. "Hii haiwaki tena."

"Ego, ndiyo hivyo," Mzee Pasikali akasema. "Nilitoa neno langu. Immakulata, gari ni lako."

Didas akatema mate chini, akashuka mlima kwa miguu. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, nikifurahi. Evaristi akanisogelea.

"Mama, hukumwona akiziba?"

"Nilimwona."

Akaanza kukusanya spana zake bila kunitazama.

Mzee akanikabidhi funguo, nikazipokea kwa mikono miwili. Jioni trekta lilituvuta mpaka nyumbani. Wanangu wakatoka mbio kutupokea, wakilipigapiga gari ubavuni na kuimba kwamba baba mdogo ameshindwa, gari la baba limerudi. Mdogo wao akaenda uani, akaleta kidumu nilichokuwa nimekirudisha kutoka sokoni. Alikuwa amekisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akaniomba nikirudishe mahali pake.

Nikakifunga.