Mwezi wa Mbeya

Karani wa simu pale Iringa hakuwa na siri: telegramu ikipita mkononi mwake asubuhi, adhuhuri soko zima linayo. Ndiyo maana Isihaka, muuza kanga, na nduguye Yunusu wa Mbeya waliandikiana kwa fumbo. Kila herufi waliisogeza mbele kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe tatu, herufi tatu. "Njia hata karani na aijue," Isihaka alimwambia mkewe, Mwanakhamisi. "Siri ni ufunguo, nao tumeutundika mbinguni."

Siku zile fumbo halikuwa la bei za kanga tena. Ndani ya robota Isihaka alificha kadi za chama cha kudai uhuru, azifikishe Mbeya, na polisi walikuwa wakizisaka. Asubuhi ya safari, tarehe sita Mfunguo Mosi, telegramu ikaja. Mwanakhamisi akarudisha herufi sita sita. Likatoka VTJKF.

"Usiende, baba Kudra," alisihi.

"Karani kavuruga tena. Lingekuwa baya, Yunusu angepiga ya pili." Akapanda basi.

Alasiri Rukia, binamu wa Mwanakhamisi, akafika kutoka Mbeya. Alikataa maji.

"Nimefunga, dada. Leo namaliza sita zangu za baada ya Idi."

"Umenitanguliaje? Mie bado moja."

"Kwetu mwezi ulionekana. Nyie si mlikuwa na mawingu, mkatimiza thelathini?"

Mwanakhamisi akahesabu kwa vidole. Kumbe Mbeya leo ni tarehe saba! Akaichukua telegramu, akarudisha kila herufi hatua moja zaidi: U, S, I, J, E.

Posta ilikwisha fungwa, na basi saa hizo lilishapita Chimala. Maji yakimwagika hayazoleki. Alimchukia karani asiye na kosa, akauchukia na mwezi, astaghafiru. Chini ya magunia ya stoo zilibaki kadi nyingine. Kuzichoma ni kukiri kwamba mumewe amekamatwa. Kuziacha ni kuwangoja polisi, naye ana mtoto mgongoni. Akawasha moto, akazitia moja moja.

"Moshi wa nini, dada?" Rukia aliuliza kutoka barazani.

"Uji wa kufuturu," alijibu, machozi yakimtiririka. Wala hakuwa ameinjika sufuria.