Vitufe Vilivyovimba Mlimani

Pencho Draganchev alikuwa mchoraji wa swichi za utando katika karakana moja ya Gabrovo, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Siku hiyo alikuwa akimpelekea vibao sita vya vitufe vya mashine zake Bi Zlatka, mtengeneza jibini wa mlimani. Bi Zlatka akivikubali, Jumatatu Pencho angekuwa mkuu wa wachoraji. Tai ya cheo alishainunua.

Kazi yenyewe haina uganga. Karatasi mbili za plastiki huchorwa njia za umeme kwa wino wa fedha, na katikati yake hukaa ya tatu yenye matundu. Ukibonyeza, ya juu inazama tunduni, njia zinagusana, mashine inawaka. Ukiachia, inajirudi. Matundu huunganishwa kwa mfereji mwembamba ili hewa ipate pa kutokea. Mfereji huo Pencho aliufuta kwenye mchoro.

"Hewa nayo ijengewe barabara?" alimwuliza Nedka, mpangaji wa karatasi hizo, aliyemwonya. "Sisi watu wa Gabrovo, tunaosifika kwa ubahili, tulipie uwazi? Halafu maji yaingie humo humo!"

"Haya, profesa," alisema Nedka.

Asubuhi vibao vilikuwa bapa. Gari likapanda mlima, hewa ya nje ikapungua nguvu, iliyofungiwa ndani ikatanuka. Kufika kwa Bi Zlatka, kila kitufe kimefura kama shavu lenye jino bovu.

Bi Zlatka alibonyeza kwa kidole. Kitufe hakikuzama. Akakandamiza kwa kiwiko.

"Mzee wangu, hiki kibao au mkate ulioumuka?"

"Ni... ni starehe ya kidole," alisema Pencho, akaona aibu kusikia upuuzi wake mwenyewe.

"Hebu mpigie bosi wako."

Bosi alisikiliza habari ya vitufe kuvimba, akafoka: "Nani kasahau mfereji? Nedka, sivyo? Leo hii anafungasha virago!"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshamfika Pencho ulimini, tamu kweli kweli, na Nedka hakuwepo kujitetea.

"Ni mimi," alisema. "Yeye alinionya, nikamcheka."

"Basi Jumatatu kiti anakalia yeye. Wewe utachora atakachokwambia. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

Bi Zlatka akamkatia kipande kikubwa cha jibini.

"Kula, baba. Usije ukanizimikia hapa."

Pencho alikula chote, macho chini kwa haya, kisha akaomba kingine.