Barabara ya Sukari ya Mama Mkwe

Mama Vanila aliingia jikoni kwake akiimba wimbo wa kusifu, akaukatiza katikati. Ukutani palikuwa na uzi mweusi, na uzi wenyewe ulikuwa unatembea. Ulitokea kwenye ufa wa dirisha, ukapita nyuma ya jiko, na sasa ulikuwa umeshika njia ya kupanda kabatini. Juu ya kabati, chini ya kitambaa cheupe, ilikaa keki ya harusi yenye ngazi tatu.

"Bwana wangu," alinong'ona. "Sisimizi leo? Si wangekuja juzi niwape makombo?"

Harusi ilikuwa kesho yake. Bibi harusi alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mume wake, msusi mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wa kazini kwake. Wifi alitaka keki ya hoteli tangu mwanzo. Mama mkwe ndiye aliyesimama kidete na kusema mwokaji yumo nyumbani, hoteli ya nini? Wifi akakubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: siku moja kabla, mchana, angekuja kuikagua. Akiona kasoro moja tu, anapiga simu hotelini.

Mama Vanila alikuwa ameoka keki ndogo za kuuza kwa miaka mingi, hata majirani wakampa jina hilo kwa ile harufu ya dirishani kwake. Keki ya harusi hakuwahi kupewa. Hii ikikatwa mbele ya wageni wote, atakuwa mwokaji. Ikikataliwa, atabaki mke wa fundi bomba anayejuajua kuoka.

Alikimbilia kwa jirani, muuguzi aliyekuwa ndio kwanza ametoka zamu.

"Siki," alisema muuguzi, jicho moja limefumba. "Changanya na maji, futa ukuta wote. Wanafuata harufu ya wenzao. Ukiifuta, wamepotea."

Mama Vanila akafuta. Sisimizi wakapotea kweli. Ukuta ulipokauka, wakatoka walikopotelea.

Mume wake alitoka chumbani akifunga mkanda, akautazama ukuta kwa macho ya kazi, kama anayetafuta bomba linalovuja.

"Mdalasini je?"

"Nimeweka. Wameuzunguka."

"Ndimu?"

"Wameikalia."

"Basi tuache manukato, tutumie maji," alisema fundi. Akaleta makopo manne, akayajaza maji, akasimamisha kila mguu wa meza ya sebuleni ndani ya kopo lake. Wakaihamisha keki, yeye ameshika huku, mke ameshika kule, wakitembea kama wamebeba mtoto mgonjwa. Meza ilikuwa imeshavutwa katikati ya sebule, mbali na kuta na mapazia. "Hapo," alisema akipangusa mikono, "labda waje na mtumbwi." Akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kazini.

Mama Vanila hakuwa mtu wa kuweka imani yote kwenye makopo. Alipiga magoti kando ya jiko, akaomba kwa ufupi, maana muda ulikuwa mdogo: "Bwana, watoe hawa jikoni kwangu. Amina." Kisha akaingia kuoga, asije akakaguliwa na wifi akiwa ananuka siki.

Alipotoka, alichungulia jikoni. Ukutani, hakuna. Kabatini, hakuna. Hata ile ndimu ilikuwa imebaki peke yake. Akainua mikono juu, machozi yakimlenga, akaingia sebuleni akishukuru.

Sakafu ya sebule ilikuwa inatembea.

Si uzi tena, ilikuwa barabara. Ilitoka mlango wa jikoni, ikapita kando ya meza ya keki, ikafika mlango wa mbele, ikatokomea uani. Na juu ya kizingiti alichuchumaa mama mkwe na mfuko wa sukari, akiinyunyiza kidogo kidogo kama mtu anayepanda mbegu.

"Shikamoo, Mama," alisema Mama Vanila, maana heshima haingoji sisimizi wapite. "Hiyo sukari ni ya nini, Mama?"

"Marahaba, mwanangu. Njia ya kutokea hiyo! Mnawafukuza kwa siki, watatokea wapi? Dawa ya moto ni moto. Mpenda sukari mtoe kwa sukari."

Mama Vanila aliinama, akatazama vizuri. Kutoka jikoni walikuja wachache. Kutoka uani walikuja wengi mno.

"Mama, mbona hawa wanaingia?"

Mama mkwe akainama naye. Akafikiri.

"Hao wamesahau kitu ndani," alisema. "Wanakirudia."

Mama Vanila aliuma mdomo. Mtu hamcheki mama mkwe wake, hasa aliyemtetea. Kabla hajapata neno la adabu, wifi alikuwa ameshapiga hodi na kuingia kwa pamoja, viatu vya wazi miguuni, simu mkononi.

"Haya, wifi, iko wapi hiyo keki ya... mama yangu!"

Bibi harusi aliruka. Aliruka juu ya kiti cha karibu, akakunja gauni, akapiga kelele iliyomwamsha muuguzi nyumba ya pili.

"Wifi! Hii ni nyumba au kichuguu?"

"Tulia, binti," alisema mama mkwe. "Wanatoka."

"Wanatoka wapi, Mama? Mmoja yuko kwenye kidole changu! Napiga simu hotelini sasa hivi!"

"Piga, wifi," alisema Mama Vanila. "Ila kwanza ikague. Ndicho ulichokuja kufanya."

Akainua kitambaa. Kiti kilikuwa karibu na meza, na kutoka pale juu wifi aliiona keki yote. Alipeleka macho ngazi ya chini, ya kati, ya juu. Akainama mpaka pua ikakaribia maua ya sukari. Barabara nzima ilipita pale chini, ikafika kwenye makopo, ikasimama ukingoni mwa maji, ikageuka. Juu ya keki hapakuwa na mguu wa mdudu.

"Hata mmoja?" aliuliza wifi polepole.

"Hata mmoja."

Sakafu ilichukua muda kufagiliwa, na wifi alikataa kushuka. Mama Vanila akampa huko huko juu kisahani cha vipande alivyokuwa amevikata pembeni alipoisawazisha keki. Wifi alikula kimoja ili kukosoa. Cha pili hakusema ni cha nini. Kisahani kilipobaki kitupu, simu ilikuwa imesharudi mkobani.

"Kesho ije," alisema. "Na makopo yake. Simwamini sisimizi wa ukumbini."

Basi kesho yake makopo yalifungwa utepe wa rangi ya maua ya bibi harusi, na wageni walioulizana wakajibiana kuwa ndiyo mtindo wa siku hizi.

Kabla ya keki kukatwa, Mama Vanila alijitenga nyuma ya pazia kuomba. Safari hii hakufupisha. Alitaja meza, ukumbi, jiko la ukumbi, milango yote na uwanja wa magari. Akasema amina, akafumbua macho, akamwona mama mkwe karibu na mlango akipekua mkobani mwake.

Akayafumba tena haraka.

"Na mkoba wa Mama, Bwana," aliongeza. "Na mkoba wa Mama."